Jibu: Kubaki Kikwajuni au kuhamia Fuoni?
Ndugu yangu, umeuliza kama kuhamia Fuoni, pembezoni mwa mji wa Zanzibar, kutakupunguzia gharama kuliko kubaki Kikwajuni, karibu na katikati ya mji. Kodi itapungua, ndiyo, lakini jumlisha nauli ya daladala ya kwenda na kurudi Darajani, kwenye soko kuu la mjini, kwa kila mtu wa nyumbani kwako, ndipo ulinganishe. Mji wetu umetanuka kwa nyumba za chini, na viwanja vinavyozidi kwenda mbali, mabomba, barabara na gari navyo huzidi gharama. Majengo ya ghorofa ya Michenzani (mabloki), pamoja na ngazi zake za kuchosha (muulize bibi yeyote), yaliwaweka watu wengi karibu na soko na kazi. Mji Mkongwe hatuwezi kuuzidishia ghorofa ovyo, ni urithi wa dunia tangu 2000. Bora ghorofa zipandishwe Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Kazi yako iko mjini?