Kutia Vivuli na Majina katika Michoro ya Pikseli ya Nyambizi

Anayechora meli ya kawaida kwa pikseli, yaani nukta ndogo za mraba zinazounda picha ya kompyuta, husaidiwa na milingoti, madirisha na mizinga, ilhali anayechora nyambizi ana mwili mmoja mrefu wa mviringo, mweusi, ambao karibu kila kitu chake kimefichwa ndani. Kwa sababu hiyo kivuli ndicho kinachobeba mchoro mzima, nami nashauri kipangwe mara tu vipimo vinapokamilika.

Mimi hutumia kipimo cha pikseli mbili kwa futi moja, kilichozoeleka miongoni mwa wachoraji wa manowari. Nyambizi ya Marekani ya aina ya Los Angeles, yenye urefu wa futi 362 na upana wa futi 33, huchukua pikseli 724 kwa 66. Mwanga ukitoka juu, upande wa mtazamaji, kwa pembe ya nyuzi 45, sehemu inayong'aa zaidi haiwi kwenye ukingo wa juu, bali takriban pikseli 10 chini yake. Ukingo wenyewe hupata rangi ileile ya mstari wa katikati, na giza kamili huanza pikseli 10 hivi kabla ya kufika chini. Wengi hutia giza kuzunguka ukingo wote na kuacha mwanga katikati, jambo linaloufanya mwili uonekane umevimba bila mtu kujua mwanga unatoka wapi. Mnara, kwa kuwa ubavu wake umesimama karibu wima, hupewa rangi moja tu, ile ya mstari wa katikati. Kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, ambako mwili unapungua, tabaka za rangi nazo zipungue pamoja nao, zisikatwe ghafla na mstari wa nje.

Rangi nyeusi tupu naihifadhi kwa mstari wa nje na matundu; mwili wenyewe hutosheka na kijivu cha aina nne au tano.

Nyambizi ya Kijerumani ya Type VIIC, ya mita 67.1, ni ngumu zaidi na inapendeza zaidi kuchora. Matangi yake yamejitokeza ubavuni, hivyo mwanga hurudi mara ya pili juu ya tangi, kisha giza hushuka chini yake, na juu hupita safu ya matundu ya kupitishia maji ambayo kila moja ni pikseli chache tu. Hapo ndipo subira inapohitajika.

Majina ya sehemu yakae nje ya mwili, kwa herufi zenye kimo cha pikseli saba, zisizolainishwa kingo. Mistari ya kuelekeza iende wima, mlalo au kwa nyuzi 45, kwani pembe nyingine huleta ngazi zisizo sawa, na isipishane. Usahihi nao ni sehemu ya ufundi: katika Los Angeles mstari wa mitutu ya topido hauelekezwi kwenye omo, yaani mbele kabisa, ambako kuna sona (chombo cha kutambua vitu majini kwa sauti), bali nyuma yake, ubavuni. Toleo nalo litajwe, maana zile za awali zina mapezi mnarani, na zile zilizoboreshwa zina mapezi omoni.

Mchoro uhifadhiwe kama faili ya picha ya aina ya PNG, kwa sababu aina ya JPEG huchafua kingo za herufi, na ukikuzwa, ukuzwe mara mbili au tatu kamili bila kulainishwa.