Mfamasia Ajibu: Kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na anasumbuliwa na magoti kwa muda mrefu. Ana presha pia, anayoitibu kwa losatani na hidroklorothiazidi. Tangu mwaka jana amekuwa akinunua vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, ambavyo hupewa ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1x3", bila jina la dawa. Magoti yakizidi kumuuma humeza viwili viwili, na kichwa kikimuuma huongeza Panadol. Siku hizi miguu yake huvimba na presha haishuki, ingawa hakosi dawa zake. Mwenyewe anasema vidonge hivi haviwezi kuwa na madhara kwa kuwa anauziwa bila cheti cha daktari. Je, aendelee navyo, au achomwe sindano ya diklofenaki ili tumbo lisiumie? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mama asimeze tena vidonge hivyo mpaka aonane na daktari anayemtibu presha, na ninakuomba umpeleke wiki hii hii. Dawa za presha asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Ninaanza na hilo kwa sababu kuvimba miguu na presha kugoma kushuka ni mambo yanayoweza kuletwa na diklofenaki yenyewe, kwa kuwa dawa hii huufanya mwili uzuie chumvi na maji na hupunguza nguvu ya dawa za presha.

Kidonge cha mchanganyiko hubeba dawa mbili, na wakati mwingine tatu, na kila mojawapo ina kikomo chake kwa siku. Tuchukue kile kinachopatikana sana madukani, chenye miligramu 50 za diklofenaki na miligramu 500 za parasetamoli. Mama akimeza kimoja mara tatu kwa siku, amekwisha kupata miligramu 150 za diklofenaki, ambacho ndicho kikomo cha mtu mzima. Siku anayomeza viwili viwili anafikisha miligramu 300, pamoja na miligramu 3,000 za parasetamoli. Sasa akiongeza Panadol mbili mara tatu, ambayo nayo ni parasetamoli ya miligramu 500 kwa kila kidonge, parasetamoli peke yake inafika miligramu 6,000, ilhali mtu mzima hapaswi kuzidi 4,000 katika saa 24, na mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ugonjwa wa ini hupangiwa pungufu ya hapo. Ikiwa alimeza kiasi hicho jana au leo, mpeleke hospitali sasa hivi hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu madhara ya parasetamoli kwenye ini huchukua siku moja au mbili kabla ya kujionyesha, na dawa ya kuyazuia hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za mwanzo.

Kuhusu figo, ningependa msomaji anisome kwa utulivu, maana hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kwa mama. Diklofenaki, kama ilivyo ibuprofeni, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa ndani wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazoacha wazi mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo. Losatani kwa upande wake hulegeza mishipa inayotoa damu kwenye vichujio hivyo, na hidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini. Kila moja kati ya dawa hizi mbili ina faida yake, na madaktari huziandika pamoja bila shida. Ikiongezwa diklofenaki juu yake, damu inayoingia inapungua, inayotoka inapita kirahisi, maji nayo ni machache, na figo hukosa msukumo wa kuchuja. Mgonjwa anaweza asihisi maumivu yoyote. Kwa hiyo mwombe daktari ampime kreatinini na potasiamu, vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya figo, na umweleze bila kuficha vidonge vyote ambavyo mama amekuwa akimeza.

Sindano haiokoi tumbo. Diklofenaki hudhuru tumbo hasa kwa kupitia damu, kwa hiyo iingie kwa mdomo, kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa, prostaglandini za tumbo hupungua vilevile. Omeprazoli inaweza kulinda tumbo, lakini haizilindi figo wala moyo, na ninasikitika kuona wengi wakiimeza kama kibali cha kuendelea na dawa ya maumivu kwa miezi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba diklofenaki isitumiwe kabisa na watu wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, waliowahi kupata mshtuko wa moyo au waliopata kiharusi. Mwenye presha isiyotulia kama mama anahitaji uamuzi wa daktari kwanza.

Magoti yana njia nyingine. Diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko ya kumeza, na daktari anaweza kumruhusu aitumie. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, akielekezwa na mtaalamu, na kupunguza uzito ikiwa umezidi, husaidia sana magoti yaliyolika. Wakati huo huo, akiona kinyesi cheusi kama lami, akitapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa, au mkojo ukipungua ghafla, asisubiri siku ya miadi.

Mara nyingine aendapo duka la dawa, aombe kuuziwa vidonge vikiwa kwenye pakiti yake, au muuzaji aandike juu ya kibahasha jina la kila dawa na miligramu zake. Hiyo ni haki yake. Baadhi ya michanganyiko huwa na dawa ya tatu, klorzoksazoni, inayolegeza misuli na kuleta usingizi, na nimeona madereva wa bodaboda wakiitumia kwa maumivu ya mgongo bila kuambiwa hivyo.

SWALI: Nina homa kali, macho yananiuma kwa ndani na viungo vyote vinauma. Rafiki amenipa vidonge vya mchanganyiko wa ibuprofeni na parasetamoli. Nitumie? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usivitumie kabla ya kupimwa. Dalili hizo zinaweza kuwa za malaria, na zinaweza pia kuwa za homa ya dengi, ambayo ililipuka jijini kwenu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Dengi hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Tumia parasetamoli peke yake, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, na unywe maji ya kutosha. Nenda kituo cha afya leo upimwe yote mawili. Homa ikishuka halafu ukaanza kuumwa tumbo sana, kutapika mfululizo au kutokwa damu kwenye fizi au puani, rudi hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dengi huweza kuwa mbaya zaidi wakati homa inapopoa.