Babu anasikia shikamoo, ila mvua haisikii

Mmeuliza wiki hii: "Je, ungekubali kampuni ya simu iwe sikio lako?" Mimi nimeshakubali, kwa ajili ya baba yangu anayevaa vifaa vya kusaidia kusikia vinavyoongozwa na programu ya simu, na bado nina neno.

Baba aliendesha mashine ya kusaga mahindi Korogwe miaka thelathini, bila kuziba masikio. Sasa anaishi nasi hapa Marekani. Kelele za mashine huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, sh na f. Shikamoo ya mjukuu, tena kwa kisauti cha mtoto, ilimfikia bila kichwa. Hakuitikia. Mtoto akadhani babu amenuna.

Vifaa vya kliniki hapa huuzwa kwa maelfu ya dola. Afueni ilikuja Oktoba 2022, serikali iliporuhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wa kusikia wanunue vifaa dukani bila kuandikiwa na daktari. Septemba 2024 ikaidhinisha programu ya Apple inayozifanya AirPods Pro, vipokea sauti vyake vya masikioni vya dola 249, ziwe kifaa cha kusaidia kusikia. Vya baba ni vya kampuni nyingine, sitaitaja. Siku ya kwanza alipovivaa, mtoto alimwamkia akiwa mlangoni, na "Marahaba!" ikatoka jikoni. Mke wangu alilia. Kwa hiyo anayesema teknolojia hii ni anasa, simwelewi.

Lakini juzi mvua inanyesha ya kumwaga, baba ananiuliza kama imekatika. Mvua aliisikia siku zote, hata masikio yalipokuwa mabovu kabisa. Programu ndiyo imeamua kwamba mvua ni kelele, ikaifuta. Nilitafuta kwenye simu nikapunguza uchujaji huo. Programu iliposasishwa, ukarudi kama mwanzo. Hatukuulizwa. Hapo ndipo penye neno langu: aliyevaa ndiye aamue kelele ni ipi, na akishaamua, asibadilishiwe usiku akiwa amelala.

Tena kuna suala la kufuli. Mwaka 2024 vijana wa Bengaluru, India, waliwanunulia bibi zao AirPods, wakakuta huduma ya kusikia imefungwa nchini mwao. Wakatengeneza kisanduku cha karatasi ya alumini, wakawasha maikrowevu kando yake kuvuruga mawimbi yanayoonyesha mahali, mpaka iPad waliyotumia kuwashia huduma hiyo ikaamini iko California, Marekani. Ikafunguka. Najua vibali vya serikali vina sababu zake. Ila kifaa kilekile, sikio lilelile, na bibi alinyimwa kusikia kwa sababu ya mahali alipokuwa kwenye ramani! Hilo limeniuma kama vile ni bibi yangu.

Jana mvua ilipoanza, baba alivitoa vifaa vyake, akaviweka mezani, akaenda kukaa dirishani. Mjukuu alimwamkia mara tatu.