Mhisani mkubwa haombwi kwa barua

Mwezi huu barua nyingi zimetoka vyuoni, na karibu zote zinazunguka jambo moja: fedha kubwa za utafiti zinaombwaje, na zikishapatikana zinalindwaje? Tumechagua sita.

Nimepewa jukumu la kuongoza uchangishaji wa shilingi bilioni 10 za jengo la maabara za utafiti, ndani ya miaka mitatu. Tulianza kwa kutuma barua 400 kwa kampuni na wahitimu wetu. Tumepata majibu 9, yote ya heshima, fedha hakuna. Tumekosea wapi?
*Mkurugenzi wa uhusiano, chuo kikuu cha umma, Tanzania Bara*

Barua moja iliyotumwa kwa watu 400 haimwombi hata mmoja wao. Mtu mwenye uwezo wa kutoa milioni 500 huiona kama tangazo, humkabidhi katibu muhtasi, na katibu muhtasi ndiye aliyewaandikia hayo majibu ya heshima.

Anzeni upya kwa kuchora ngazi ya michango. Fedha za aina hii haziji kwa mafungu yanayolingana. Kwa bilioni 10, ngazi yenu inaweza kuwa hivi: mchango 1 wa bilioni 2.5, miwili ya bilioni 1, minne ya milioni 500, minane ya milioni 200, kumi na mitano ya milioni 60. Hiyo ni michango 30, na jumla yake ni bilioni 9. Bilioni 1 iliyobaki ndiyo mtakayoitafuta kwa mamia ya wahitimu. Kwa kila mchango wekeni majina matatu au manne, kwa sababu wapo watakaokataa na wapo watakaotoa nusu. Kwa hiyo orodha yenu ni ya watu 90 hadi 120. Na kama mkiitazama hiyo orodha hamumwoni hata mtu mmoja anayeweza kutoa bilioni 2.5, lengo halijasimama. Mwambie Makamu Mkuu wa Chuo leo, lipunguzwe au muda uongezwe, kuliko kumwambia mwaka wa tatu.

Kila jina lipite kwenye maswali matatu: ana uwezo? Ana ukaribu na chuo, au kuna mtu wetu aliye karibu naye? Jambo tunalolifanya linamgusa? Tajiri asiyekijua chuo chenu bado ni tajiri tu, hajawa mhisani. Na msidharau daftari la michango midogo. Michael Bloomberg, bilionea wa Marekani, alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mwaka uliofuata akakipa chuo hicho dola 5. Mwaka 2018 alikipa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi wasiomudu ada. Mhitimu anayetoa elfu kumi kila mwaka bila kukosa anawaambia jambo ambalo mtu mkubwa asiyewahi kutoa hajawaambia.

Pangeni muda kwa ukweli. Mchango mkubwa huchukua kwa kawaida miezi 18 hadi 24 tangu kukutana mara ya kwanza hadi hati kusainiwa, kwa hiyo mikutano ya kwanza yote iishe ndani ya mwaka wa kwanza. Afisa anayefanya kazi hii peke yake anamudu majina 100 hadi 150. Makamu Mkuu mwenye ratiba yake iliyojaa, msimpe zaidi ya 20. Wa kwanza kuombwa wawe wajumbe wa Baraza la Chuo, kila mmoja kwa uwezo wake, kwa sababu swali la "ninyi wenyewe mmetoa nini?" litaulizwa. Mkizungumza na mfanyabiashara wa Tanzania, nendeni mkiwa mmeshakaa na mtu wa kodi: mchango unaopitia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, una nafuu yake.

Nimeambiwa niongozane na mkuu wa chuo kwenda kumwomba mzee mmoja mfanyabiashara. Kwetu kumtajia mtu mzima kiasi cha fedha ni kukosa adabu. Je, tutaje au tumwachie mwenyewe?
*Mtafiti, Dar es Salaam*

Mtaje, tena kwa tarakimu. Asiyetajiwa kiasi hujikadiria, na hukadiria kiasi cha kumaliza mazungumzo vizuri: milioni 5, mahali ambapo pengine angelifikiria jambo la milioni 200.

Adabu inapimwa kwa yaliyotangulia siku hiyo. Wazee hawaendi kuposa siku ileile waliyoiona nyumba. Mshenga hutangulia, akapima hali, akarudi na neno. Katika kazi hii mshenga ni mtu wa hadhi sawa na huyo mzee, anayeaminiwa naye, ambaye yeye mwenyewe ameshatoa. Mshenga hufungua mlango, mtafiti hueleza kazi, mkuu wa chuo huomba. Kabla ya kuomba kutaneni naye mara nne hadi sita. Aje maabara, aione friji ya sampuli inayolindwa na jenereta bovu, akae na wanafunzi wa uzamili, aulizwe ushauri katika jambo ambalo kweli mnahitaji ushauri wake. Mapema sana ulizeni kwa upole ni nani mwingine hushiriki maamuzi: mke, mtoto anayeendesha kampuni, mhasibu. Maombi mengi mazuri yamekufia nyumbani kwa sababu mtu mwenye kauli hakuwahi hata kusalimiwa.

Siku yenyewe isimshtukize. Mpigieni: "Mzee, tungependa kuja kuzungumza nawe namna unavyoweza kushiriki katika mradi huu." Akiwapa tarehe, anajua mnakuja kufanya nini.

Nendeni wawili au watatu. Msafara wa watu saba hugeuka ugeni rasmi, na mbele ya ugeni rasmi mtu hutoa hotuba, hafungui moyo. Ombeni dakika 45: kama dakika 10 za kujuliana hali, 15 zako wewe mtafiti, kisha mkuu wa chuo aseme sentensi moja: "Mzee, tunakuomba ufikirie kuchangia shilingi milioni 800, zilipwe kwa miaka minne, ili maabara ya magonjwa ya mifugo iweze kupima sampuli hapahapa nchini." Kisha mnyamaze. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukimya wa sekunde kumi unawatisha, mmoja anadakia, "au hata milioni 300 si mbaya," na milioni 500 zimeondoka mezani bila mtu yeyote kuzikataa.

Akikataa, tafuteni kujua anakataa nini, kwa kuwa "hapana" ziko nne: si kiasi hicho, si jambo hilo, si sasa, si ninyi. Tatu za kwanza bado zina mazungumzo. Akisema "nitalifikiria," msitoke bila tarehe ya kurudi. Barua ya shukrani ifike ndani ya saa 24, na itaje kiasi kilekile kilichotajwa.

Tulifanya harambee ya chakula cha jioni hotelini. Ahadi zilifika shilingi milioni 48 za Kenya. Miezi kumi imepita, zilizolipwa ni milioni 11, na mkandarasi ameshaanza msingi.
*Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Kenya*

Harambee ina nguvu yake, lakini ahadi inayotamkwa mbele ya kipaza sauti hutamkwa pia kwa ajili ya wanaosikiliza. Hamkuwa na karatasi, ndiyo maana leo hamna la kudai.

Fanyeni hivi sasa: gawaneni majina, kila aliyeahidi zaidi ya laki tano atembelewe na mtu anayemfahamu, apewe hati ya ukurasa mmoja yenye kiasi, awamu, tarehe za kulipa na jina la mradi, asaini. Msimwaibishe mtu. Mpeni nafasi ya kupunguza au kusogeza tarehe. Milioni 1 ya kweli ni bora kuliko 3 za hewa. Mkandarasi asimamishwe mpaka fedha taslimu na hati zilizosainiwa zitoshe awamu anayojenga. Daftari la fedha liwe na safu mbili, ahadi na zilizoingia, na kamati isisomewe jumla ya safu hizo mbili.

Safari nyingine, hafla iwe ya mwisho. Kampeni hukusanywa kimyakimya kwanza, mtu kwa mtu, hadi nusu ya lengo au hata asilimia 70 ipatikane, ndipo watu waitwe hotelini. Wakifika wanakuta jambo ambalo tayari linakwenda.

Mhisani anataka kutununulia mashine ya kusoma vinasaba. Mkuu wa kitivo anasema tukubali haraka kabla hajabadili mawazo. Mimi nina wasiwasi.
*Mkuu wa idara ya baiolojia*

Wasiwasi wako una msingi. Pigeni hesabu mpaka mwisho kabla ya kusema asante. Tuseme mashine ni milioni 800. Mwaka wa kwanza ina dhamana. Kuanzia wa pili, mkataba wa matengenezo wa kifaa cha aina hii huwa karibu asilimia 10 ya bei kwa mwaka, yaani milioni 80. Kwa miaka minne ni 320. Usafirishaji, wakala wa forodha na ufungaji, 130. Chumba, kiyoyozi, stebilaiza na betri za akiba, 90. Mafunzo ya mafundi sanifu wawili, 60. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia sampuli, vya miaka miwili ya kwanza, 200. Jumla ni bilioni 1.6, mara mbili ya bei ya mashine.

Tarakimu zenu zitatofautiana na hizi, ila uwiano hautakuwa mbali. Mpelekeeni mhisani hesabu nzima kwenye ukurasa mmoja na mwombeni achague: agharamie yote, au agharamie kifaa kidogo zaidi pamoja na miaka mitano ya kukitunza. Wafanyabiashara huielewa hesabu hii upesi kuliko sisi wa vyuoni; hakuna anayenunua lori bila kupanga matairi. Mkinyamaza, mwaka wa tatu mtamwonyesha mashine iliyofunikwa kitambaa, na hatarudi.

Kingine: vitendanishi vingi hudai baridi na vina muda mfupi wa kuharibika. Msamaha wa ushuru uwe umeshaidhinishwa kabla shehena haijapakiwa, si baada ya kufika bandarini.

Tuko Marekani, wahitimu kumi. Tunaweza kukusanya dola 50,000 za ufadhili wa masomo utakaodumu milele kwa jina la mwalimu wetu marehemu. Zinatosha?
*Minnesota*

Mfuko wa kudumu hautumii mtaji. Hutumia sehemu ya faida, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka, ili kinachobaki kipambane na mfumuko wa bei. Asilimia 4 ya dola 50,000 ni dola 2,000. Ulizeni chuo ada na posho ya mwanafunzi mmoja ni kiasi gani, ndipo mtajua mnamlipia mtu mzima au robo ya mtu. Kama haitoshi, ushauri wetu ni mtoe dola 10,000 kwa mwaka kwa miaka mitano, mwalimu wenu apate wanafunzi wenye jina lake sasa, na mfuko wa kudumu uje baadaye.

Kuhusu kodi: huko mliko, nafuu hupatikana mkitoa kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa Marekani. Ulizeni kama chuo kina chama cha marafiki kilichosajiliwa huko.

Mhisani ameahidi fedha nyingi sana kuanzisha kituo cha utafiti. Anataka kibebe jina lake, awe na kura katika kumwajiri mkurugenzi, na tutangaze kiasi kwenye mahafali wiki ijayo.
*Mjumbe wa Baraza la Chuo*

Jina, ndiyo, kwa masharti. Kura ya ajira, hapana: siku matokeo ya utafiti yatakapogusa biashara yake hakuna atakayeyaamini, hata yakiwa sahihi. Anaweza kukaa kwenye kamati ya ushauri isiyo na kauli ya mwisho. Tangazo la wiki ijayo liahirisheni.

Mei 2024, chuo cha Florida A&M cha Marekani kilitangaza kwenye mahafali mchango wa dola milioni 237. Zilikuwa hisa za kampuni binafsi, na thamani yake ilitoka kwa mhisani mwenyewe. Ndani ya siku chache mchango ukasimamishwa; makamu wa rais wa chuo aliyesimamia uchangishaji aliachia nafasi hiyo, na Julai rais wa chuo akatangaza kujiuzulu. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kupima thamani ya hisa.

Chanzo cha fedha nacho kichunguzwe. Howard Davies alijiuzulu ukurugenzi wa London School of Economics mwaka 2011 kwa sababu ya uhusiano wa chuo hicho na Libya, ikiwamo ahadi ya pauni milioni 1.5 kutoka taasisi ya mtoto wa Gaddafi. Na hata fedha safi huleta kesi maandishi yakiachia mwanya: Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kilipokea dola milioni 35 za familia ya Robertson mwaka 1961, kikashtakiwa mwaka 2002 kwamba kimezitumia nje ya kusudi, na mwaka 2008 kikamaliza shauri kwa kulipa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini: wamiliki halisi wa kampuni yake wajulikane, kesi na madeni ya kodi yaangaliwe, afisa wa fedha na mwanasheria wasiokuwa chini ya ofisi ya uchangishaji waandike maoni yao. Ndani ya hati kiwemo kifungu cha kuondoa jina akipatikana na hatia ya kosa kubwa, kifungu cha kubadili matumizi iwapo kusudi la awali halitekelezeki, na sharti kwamba jina linapanda ukutani fedha zikiwa zimeingia angalau nusu. Akikasirika kwa kucheleweshwa wiki sita, mwiteni aje akae na mwanasheria wenu, asome kifungu kwa kifungu. Jina lake linaweza kusomwa kwenye mahafali ya mwaka kesho.