Hema Mafia kwa bei ndogo

Dada, kwa siku nne za kulala kwenye hema kisiwani Mafia na watoto, achana na ndege. Nenda kwa basi hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kisha boti mpaka Kilindoni, mji wa Mafia, ila kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka, watoto watateseka. Hema omba kupiga uwanjani kwa mwenyeji, na kamwe si chini ya mnazi. Nazi ikidondoka inaua. Ufukweni nako tazama mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yaani maji makubwa, hupanda mbali sana. Samaki nunua kwa wavuvi wenyewe. Kijiji cha Utende, hukohuko Mafia, kuna kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, kitengee pesa. Mkienda kati ya Novemba na Februari, waonyeshe watoto papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Hapo usibane matumizi.