Maswali na Majibu: Mtumwa wa Roma Aliyekuwa na Watumwa Wake Tumweke Tabaka Gani?

Swali: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Katika somo la Roma ya kale huwa nachora piramidi ya ngazi nne: Kaisari juu, wakifuatiwa na patrisi, kisha plebei, na watumwa chini kabisa. Mwanafunzi mmoja amesoma mahali kwamba baadhi ya watumwa wa Roma walikuwa na fedha nyingi na hata watumwa wao wenyewe. Anauliza mtu wa namna hiyo aingie ngazi ipi, na kama alikuwa juu au chini ya plebei maskini. Nimeshindwa kumjibu.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameugusa mahali hasa ambapo mchoro huo una kasoro. Piramidi inachanganya mambo matatu ambayo Waroma wenyewe waliyatenganisha: ukoo wa mtu, mali yake, na hadhi yake mbele ya sheria. Mtu aliweza kuwa juu kwa kipimo kimoja na chini kabisa kwa kingine, na ndiyo maana mtumwa tajiri hapati pa kukaa katika mchoro wako.

Patrisi na plebei walitofautiana kwa ukoo, wala si kwa utajiri. Katika karne za mwanzo za Jamhuri, yaani kabla ya utawala wa Makaisari, koo chache za patrisi zilihodhi uongozi na ukuhani. Kwa mujibu wa masimulizi ya Waroma, mwaka 494 KK plebei waligoma na kuuhama mji, wakarudi baada ya kukubaliwa kuwa na watetezi wao, yaani matribuni. Mwaka 367 KK walifunguliwa mlango wa ukonsuli, cheo cha juu kabisa cha Jamhuri, na mwaka 287 KK maamuzi ya baraza lao yakawa sheria kwa raia wote. Tangu hapo, kusikia kwamba fulani ni plebei hakukukuambia kama ana kitu au hana. Marcus Licinius Crassus, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Roma na ndiye aliyelishinda jeshi la watumwa la Spartacus mwaka 71 KK, alikuwa plebei. Cicero, konsuli wa mwaka 63 KK, naye alikuwa plebei. Ukieleza darasani kwamba plebei maana yake ni maskini, utalazimika kumweka Crassus ngazi moja na mpagazi wa bandarini.

Mali ilikuwa na kipimo chake, tena kwa tarakimu. Chini ya Augustus, Kaisari wa kwanza, familia ya seneta ilitakiwa kuwa na mali ya sesterti (sarafu ya Roma) 1,000,000, na mtu wa daraja la wapanda farasi, lililofuata chini ya maseneta, sesterti 400,000. Askari wa kawaida wa legioni, yaani kikosi cha jeshi la Roma, wakati huo alilipwa sesterti 900 kwa mwaka, kwa hiyo hata kama asingekula wala kuvaa, angehitaji zaidi ya miaka 400 kufikia kiwango cha mpanda farasi. Katika mji wa Comum, kaskazini mwa Italia, diwani wa baraza la mji alihesabiwa kuwa na sesterti 100,000. Tunalijua hilo kwa sababu mwandishi Pliny Mdogo alimwandikia rafiki yake wa huko, aliyekuwa diwani, akimpa zawadi ya sesterti 300,000 ili atimize kiwango cha mpanda farasi. Ngazi hii, kama unavyoona, ilipandika kwa fedha za rafiki.

Kwa mwanasheria wa Kirumi, hata hivyo, mgawanyo wa kwanza haukuwa huo. Gaius, aliyeandika katikati ya karne ya 2 BK, anaanza na kauli kwamba watu wote ama ni huru ama ni watumwa, na kwamba walio huru ama walizaliwa huru ama waliachwa huru. Mtumwa alihesabiwa kuwa mali ya bwana wake. Hakuwa na ndoa inayotambuliwa, wala baba anayetambuliwa. Mtoto wa mjakazi alikuwa mtumwa hata kama aliyemzaa naye ni bwana mwenyewe. Ushahidi wake mahakamani kwa kawaida ulichukuliwa kwa mateso. Wengi walikuwa mateka wa vita au watu walionunuliwa sokoni, wengine walikuwa wazalia wa nyumbani, na wengine watoto waliotupwa wakaokotwa na kulelewa utumwani. Raia wa Roma kushikwa mtumwa kwa ajili ya deni, jambo lililowaumiza sana plebei wa zamani, lilipigwa marufuku katika karne ya 4 KK.

Sasa tuje kwenye fedha za mtumwa. Sheria ilimruhusu bwana kumkabidhi mtumwa fungu la mali aliendeshe: fedha, duka, mashua, mifugo, hata watumwa wengine. Waroma waliliita fungu hilo *peculium*. Kisheria lilibaki kuwa la bwana, naye aliweza kulichukua siku yoyote. Mtumwa aliponunua mtumwa kwa fedha hizo, mmiliki halisi alikuwa bwana yule yule. Kilichomfaidi bwana ni kwamba biashara ya mtumwa ilipofilisika, wadai waliweza kumshtaki yeye kwa kiasi cha fungu hilo tu, wala mali yake nyingine haikuguswa. Kwa mtumwa, faida ilikuwa matumaini ya kukusanya kiasi cha kujikomboa. Huu haukuwa ukarimu. Ulikuwa mpango wa biashara uliofikiriwa vizuri, na ndio uliozalisha watu kama yule aliyemshangaza mwanafunzi wako.

Kuna maandishi ya kaburini yaliyopatikana Roma yanayomweleza mmoja wao waziwazi. Anaitwa Musicus Scurranus, mtumwa wa Kaisari Tiberius, aliyekuwa mtunza fedha wa hazina katika mkoa wa Gallia Lugdunensis, ambao makao yake makuu ndiyo Lyon ya leo. Alifariki akiwa ziarani Roma, na watumwa wake waliokuwa pamoja naye wakamwekea maandishi hayo, kila mmoja akiandika jina na kazi yake. Wako 16: wakala wa biashara, msimamizi wa matumizi, makarani watatu, tabibu, watunza vyombo vya fedha wawili, mtunza mavazi, watumishi wa chumbani wawili, wafuasi wa njiani wawili, wapishi wawili, na mwanamke mmoja, Secunda, ambaye hakuandikiwa kazi yoyote. Hao ni wale wa safarini tu. Mtu aliyesafiri na tabibu wake na wapishi wawili alikula na kulala vizuri kuliko raia wengi mno wa Roma. Lakini alikufa mtumwa, na siku yoyote Kaisari angetaka kumuuza, kumpiga au kumnyang'anya wote 16, pasingekuwa na mahakama ya kumsikiliza.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi hadhi ya sheria ilivyokuwa na uzito kuliko mali, wasimulie tukio la mwaka 61 BK, ambalo tunalipata kwa mwanahistoria Tacitus. Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa nyumbani kwake na mtumwa wake mmoja. Tacitus anataja sababu mbili zilizosemwa: ama bwana alikataa kumwacha huru baada ya kukubaliana bei, ama waligombea mapenzi. Kwa desturi ya zamani, watumwa wote walioishi chini ya paa moja na bwana aliyeuawa walipaswa kuuawa, na katika nyumba hii walikuwa 400, wakiwamo wanawake na watoto. Seneti ikajadili. Mwanasheria Gaius Cassius Longinus akashikilia kwamba wasipouawa wote, hakuna bwana atakayelala salama. Hoja yake ikashinda. Watu wa mjini, yaani hao plebei wa kawaida, wakakusanyika na mawe na mienge kuzuia hukumu isitekelezwe, hata Kaisari Nero akalazimika kupanga askari njia nzima waliyopitishwa wale 400. Kisha seneta mmoja akapendekeza kwamba walioachwa huru waliokuwa wakiishi katika nyumba hiyo nao wahamishwe kutoka Italia. Nero akakataa. Angalia basi: watu walioishi nyumba moja, pengine ndugu wa tumbo moja, na kilichowatenganisha waliouawa na wasioguswa ni kwamba hawa walikuwa wamekwisha kuachwa huru.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Kwa chakula, malazi na ushawishi, Musicus alikuwa juu sana ya plebei maskini. Kwa usalama wa mwili wake, mamlaka juu ya watoto wake na haki ya kusikilizwa, alikuwa chini yake. Wasomaji wa Biblia wanalifahamu jambo hili kutoka Matendo ya Mitume sura ya 22, ambapo Paulo, akiwa amekwisha kufungwa kamba tayari kwa mijeledi, anauliza tu kama ni halali kumpiga Mroma asiyehukumiwa, na mara wanaotaka kumpiga wanarudi nyuma kwa hofu.

Usisahau kwamba akina Musicus walikuwa wachache. Mtumwa wa shamba kubwa au wa machimbo ya fedha ya Hispania hakuona *peculium* ya maana wala uhuru. Cato Mzee, katika kitabu chake cha kilimo, anamshauri mwenye shamba auze ng'ombe waliozeeka, gari kuukuu, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa, vyote katika orodha moja.

Aliyeachwa huru rasmi na raia wa Roma alipata uraia, jambo lililowashangaza hata baadhi ya Wagiriki. Njia rasmi zilikuwa tatu: mbele ya hakimu, kwa kuandikishwa katika sensa, au kwa wosia, na kodi yake ilikuwa asilimia 5 ya thamani ya mtumwa. Augustus aliona mlango umekuwa mpana mno. Sheria ya mwaka 2 KK ikaweka kikomo cha watumwa wa kuachwa kwa wosia, wasizidi 100 hata kwa tajiri mkubwa kiasi gani, na ya mwaka 4 BK ikataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mtumwa awe ametimiza miaka 30 na bwana 20. Mwachwa huru alichukua jina la ukoo wa bwana wake, akaendelea kumheshimu na mara nyingi kumfanyia kazi, na hakuruhusiwa kushika vyeo vya serikali. Watoto wake waliozaliwa baada ya uhuru waliruhusiwa. Mshairi Horace alikuwa mwana wa mwachwa huru; Pertinax, aliyetawala kwa miezi michache mwaka 193 BK, vilevile. Na Pallas, mwachwa huru aliyesimamia fedha za Kaisari Claudius, anatajwa na Tacitus kuwa na sesterti milioni 300, mara 300 ya kiwango cha seneta, ingawa useneta wenyewe hakuweza kuupata.

Ubaoni, ningeacha piramidi na kuchora mistari miwili inayokatana: wa kusimama uonyeshe mali, na wa kulala uonyeshe hadhi ya sheria, kuanzia mtumwa, mwachwa huru, hadi mzaliwa huru. Kisha waache wanafunzi wenyewe wawaweke Crassus, Pallas, Musicus, mtumwa wa machimboni na mpagazi wa bandarini, kila mmoja mahali pake.

Andika pia mwaka juu ya mchoro huo, kwa sababu mstari wa kulala haukudumu vilevile. Kuanzia karne ya 2 BK mahakama zilizidi kuwagawa watu huru wenyewe katika makundi mawili, wenye heshima na wanyonge. Maseneta, wapanda farasi, madiwani wa miji na askari wastaafu waliokosa walihamishwa kisiwani. Mnyonge kwa kosa lile lile alipelekwa machimboni au kutupiwa wanyama, adhabu zilizokuwa za watumwa. Kaisari Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola mwaka 212 BK, uraia huo ulikuwa tayari haumkingi maskini na kiboko kama ulivyomkinga Paulo.