Mwanangu ananenepa, nimpunguzie chakula?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 9 anazidi kunenepa. Asubuhi basi la shule humchukua getini, jioni ni katuni mpaka alale. Bibi yake anasema ni afya tu. Nimpunguzie chakula? – Mama J., Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama. Usimshindishe njaa, tafadhali. Bado anakua, na atajifunza kula kwa kujificha. Anza na vinywaji: soda ya mililita 350 huwa na sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Mpe maji. Ugali, maharage na mchicha aendelee navyo, ila apakuliwe sahani ya mtoto.

Kinachoniuma zaidi ni huko kukaa kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hadi wahema. Rede, kombolela, kuruka kamba, chandimu: vyote vimo. Saa 11 jioni zima televisheni, mtoe nje, nawe toka naye.

Mpeleke kliniki apimwe uzito pamoja na urefu, maana kwa macho tu hata bibi hukosea. Na nyumbani asiitwe "bonge", hata kwa utani.